Kwa nini mtu mwenye akili zake ukimpa hoja nzuri ndo anazidi kukaza?

#1 Tulizo
Wakuu habari. Kuna jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa. Mimi na kaka yangu mkubwa tunabishana kuhusu mama. Mama ana miaka 74, anaishi peke yake, mwezi uliopita alianguka bafuni, hakuvunjika ila alikaa sakafuni karibu saa nzima mpaka jirani akamsikia. Mimi nasema ahamie kwangu, kaka anasema abaki kwake atafutiwe mtu wa kukaa naye. Kaka sio mtu wa ubishi, ni msomi, mtulivu, kazini kwake ndo wanamtegemea kwenye maamuzi. Nimemwandikia meseji ndefu yenye sababu saba kwa namba. Mama mwenyewe keshakubali, nilimuuliza akasema "sawa mwanangu". Lakini kila nikijibu hoja moja kaka anatoa nyingine na sasa amekaza kuliko siku ya kwanza. Jana kaniandikia "Sawa, fanya unavyoona", nikaona amekasirika na mimi nikamjibu vibaya.
Siulizi mama akae wapi, naomba tusiingie huko. Nauliza inakuwaje mtu mwenye akili timamu ukimpa ushahidi ndo anazidi kushikilia yake?

#2 Mvukuto
Dada ni ukubwa huo. Mimi ni kifungua mimba, nakwambia kutoka ndani, mdogo wako akikukosoa kuna kitu kinajifunga kifuani kabla hujamaliza kusoma alichoandika. Hoja hiyohiyo angepewa na rafiki yake wa rika moja angeisikiliza vizuri tu.

#3 Nahodha77
#2 unamhukumu mtu hujamsikia. Mi naona tatizo ni meseji. Mambo ya mzazi hayaandikwi, yanaongelewa. Wataalamu walishasema asilimia 93 ya mawasiliano sio maneno, ni sauti na uso. Kwahiyo kaka kapokea asilimia 7 tu ya ulichotaka kumwambia, hapo unategemea nini?

#4 Fundi wa Hoja
Kabla hatujaenda mbali tufanye jaribio dogo. Nina kanuni kichwani. Namba 2-4-6 zinafuata kanuni yangu. Nipeni namba tatu tatu nitawaambia kama zinafuata au hazifuati, ukiwa na uhakika sema kanuni ni ipi. Tulizo nakuomba usome tu kwanza usijibu.

#5 Kiroboto
8-10-12
20-22-24
100-102-104

#6 Fundi wa Hoja
Zote tatu zinafuata.

#7 Kiroboto
Basi rahisi, namba zinaongezeka kwa mbili mbili.

#8 Fundi wa Hoja
Hapana, sio hiyo.

#9 Zumari
Na mama mwenyewe anasemaje?

#10 Tulizo
@Zumari nimeshaandika hapo #1, alikubali.

#11 Kiroboto
@Fundi basi ni namba shufwa zinazopanda. 10-20-30?

#12 Fundi wa Hoja
10-20-30 inafuata. Ila kanuni sio hiyo pia.

#13 Kalamu Butu
5-9-11? Na 6-4-2?

#14 Fundi wa Hoja
5-9-11 inafuata. 6-4-2 haifuati. Ahsante Kalamu, wewe ndo wa kwanza kunipa kitu ambacho kingeweza kukataliwa. Kanuni ni namba zozote tatu zinazopanda, basi. Jaribio hili alilifanya Peter Wason kule Uingereza mwaka 1960 na watu walifanya kama Kiroboto, wanapata wazo mapema alafu kila wanachouliza ni kitu ambacho wazo lao linasema kitakubaliwa. Wanapata ndiyo, ndiyo, ndiyo, kila ndiyo inawaongezea uhakika wakati haijawafundisha lolote jipya.
Sasa Tulizo rudi kwenye sababu zako saba. Ziko ngapi ulizozitafuta ukiwa unataka kujua kama umekosea?

#15 Kiroboto
Nimekubali kabisa, nimeshangaa mwenyewe. Nilikuwa na uhakika wa asilimia mia.

#16 Mwalimu wa Zamu
Niongezee kwa Fundi. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachukua wanafunzi waliounga mkono adhabu ya kifo na waliokuwa wanaipinga. Kila mmoja akasomeshwa tafiti mbili, moja inasema adhabu hiyo inapunguza mauaji, nyingine inasema haipunguzi. Ushahidi uleule kwa wote. Kila upande uliuona utafiti unaoukubali kuwa umefanywa vizuri, na ule wa pili ukatafutiwa kasoro. Mwishoni wakasema msimamo wao umekuwa mkali zaidi. Hili ndilo jibu la swali la mleta mada: ushahidi unaokupendeza unausoma kama mgeni aliyekaribishwa, usiokupendeza unausoma kama askari wa getini.

#17 Kichuguu
Mwalimu heshima yako, lakini kuna kitu umekiruka. Wanafunzi wale hawakupimwa msimamo kabla na baada, waliulizwa wenyewe waseme wamebadilika kiasi gani. Mtu kusema "nimezidi kuamini" na kuzidi kuamini kweli ni vitu viwili. Na hii habari kwamba ukimsahihisha mtu anazidi kukaza ilipata umaarufu sana baada ya mwaka 2010, Brendan Nyhan na Jason Reifler walipopima watu juu ya silaha za maangamizi za Iraq. Baadae Thomas Wood na Ethan Porter wakaja kupima watu zaidi ya 10,000 kwenye mada 52, wakachapisha 2019, wakaona tabia hiyo karibu haipo, watu wengi wakipewa ukweli wanasogea kidogo kuuelekea. Kwahiyo kabla ya kueleza kwa nini kaka anakaza, tujiulize kwanza kama kweli amekaza.

#18 Mwalimu wa Zamu
Nakubali marekebisho ya kupima. Ila sehemu ya kwanza, ya kutafuta kasoro upande mmoja, hiyo nasimama nayo.

#19 Kalamu Butu
Na mimi nirekebishe #3. Hiyo asilimia 93 inasambazwa kila mahali lakini sivyo ilivyokuwa. Inatokana na kazi za Albert Mehrabian za mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno mojamoja limetamkwa kwa sauti tofauti, wakaonyeshwa na picha za nyuso, kilichopimwa ni kama msemaji anaonekana kupenda au kuchukia. Ni hisia tu, na hasa pale neno na sauti vinapopingana. Hakuna popote aliposema maneno yanabeba asilimia 7 ya maana ya kila kitu. Jaribu kumwelekeza mtu jinsi ya kumeza dawa kwa uso na sauti bila maneno uone kama atapata asilimia 93.

#20 Nahodha77
Haya nimerekebishwa, ahsante Kalamu. Ila hoja yangu ya meseji siitoi.

#21 Kalamu Butu
Usiitoe, ina msingi mzuri kuliko hiyo namba. Justin Kruger na Nicholas Epley na wenzao mwaka 2005 waliwapa watu kazi ya kutuma sentensi kwa barua pepe, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, alafu msomaji aseme ipi ni ipi. Watumaji walitegemea wataeleweka karibu asilimia 78, wasomaji wakapatia 56, na ukibahatisha tu unapata 50. Kinachoniumiza mimi ni kwamba mtumaji hakuwa na dalili kabisa kwamba haeleweki, kwa sababu yeye akiandika anaisikia sauti yake mwenyewe kichwani.

#22 Swafaa
Kalamu umenikumbusha ile ya kugonga meza. Elizabeth Newton, Stanford, 1990. Mtu anachagua wimbo unaojulikana, anaugonga kwa vidole mezani, mwenzake akisie ni wimbo gani. Wagongaji walidhani watatambuliwa nusu ya nyimbo. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Tatu tu! Maana mgongaji anasikia muziki mzima, mwenzake anasikia ko ko ko.
Mimi yamenikuta. Nilimwandikia mdogo wangu "umefika salama?" nikiwa na wasiwasi wa kweli, yeye akasoma namlaumu kwa nini hajapiga. Tulinuniana siku nne kwa maneno mawili.

#23 Mvukuto
Tafiti zote hizi nzuri ila mnazunguka. Mtu haumii kwa sababu ya kanuni ya 2-4-6, anaumia kwa sababu ameonekana mjinga mbele ya mdogo wake. Mpe mlango wa kutokea. Sababu saba kwa namba ni kumfungia mtu chumbani alafu unauliza mbona anasukuma mlango.

#24 Nahodha77
Hii ya chumba imeniingia.

#25 Kichuguu
Mimi nina maelezo mengine kabisa. Hugo Mercier na Dan Sperber waliandika mwaka 2011 kwamba kufikiri kwa hoja, kazi yake ya asili sio kutafuta ukweli ukiwa peke yako, ni kushawishi wengine na kupima wanachotuambia. Ndo maana hoja zetu wenyewe tunazipokea kivivu lakini za mwenzetu tunazichambua mpaka mfupa. Kwao hiyo sio kasoro, ni mgawanyo wa kazi: we leta za upande wako, mimi nilete za upande wangu, tukikutana tunachujana. Kwahiyo kaka kutoa hoja mpya kila ukijibu ya zamani inawezekana ndio mjadala wenyewe unavyotakiwa kwenda, we umeuona kama ukaidi.

#26 Fundi wa Hoja
Inafanya kazi kama wote wawili wako tayari kuchujwa. Kama kila mmoja analeta tu hakuna anayechuja, yatajaa.

#27 Kalamu Butu
Kuna methali inasema yote haya: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Na nyingine ya jirani yake, nyani haoni kundule huliona la mwenziwe. Hiyo ya pili Emily Pronin, Daniel Lin na Lee Ross waliikuta mwaka 2002: watu wanaelezwa aina mbalimbali za mwegemeo wa fikra, wanasema naam wanadamu wanayo hayo, ila mimi ninayo kidogo kuliko wengine. Angalieni uzi wetu. Tuko #27, tumemfanyia kaka uchunguzi wa kiburi, wa ukubwa, wa kukaza, na hatujasoma sentensi yake hata moja zaidi ya "Sawa, fanya unavyoona". Tulizo ametuuliza kwa nini kaka hasikii. Hakuna aliyeuliza Tulizo amesikia nini.

#28 Tulizo
Naona mmenigeukia. Mimi ndo niliyempeleka mama hospitali. Mimi ndo ninayelala na simu kifuani. Sio mjadala wa darasani kwangu huu.

#29 Swafaa
Pole dada, na hakuna anayesema huna uchungu. Naona hapo kuna kosa letu sisi pia, mtu kaja na jambo la mama yake tunampa miaka na majina. Pumzika kidogo, uzi upo.

#30 Kalamu Butu
Samahani Tulizo. Niliandika kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nabaki na swali ila naondoa ukali.

#31 Mwalimu wa Zamu
Nitoe kitu cha kutumika. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendekeza mwaka 1951 kwamba mkibishana, kila mmoja kabla ya kujibu aeleze kwanza alichosema mwenzake mpaka mwenzake aridhike kwamba ndicho. Nimelijaribu kikaoni na mwenzangu tuliyekuwa hatuelewani mwaka mzima. Mara ya kwanza nilieleza hoja yake akasema sivyo. Mara ya pili akasema nusu. Mara ya tatu alinyamaza kidogo akasema "ndiyo, hiyo". Mwaka mzima nilikuwa napigana na hoja ambayo yule bwana hajawahi kuwa nayo.

#32 Nahodha77
Mwalimu hiyo ana kwa ana sawa, ila kwa maandishi nina mashaka nayo. "Kwahiyo unachosema ni kwamba..." ndo sentensi inayoongoza kwa kupotosha. Mtu anakutungia hoja dhaifu kwa jina lako alafu anaibomoa. Mimi nikiiona tu najiandaa kwa vita kabla sijamaliza mstari.

#33 Mwalimu wa Zamu
Ni kweli. Ndiyo maana sharti ni mwenzako aridhike, sio wewe uridhike kwamba umemwelewa.

#34 Swafaa
Ngoja niseme la lugha kidogo maana nafanya kazi ya kuhariri na naona haya kila siku. Kwanza hilo neno upendeleo. Ukimwambia mtu "una upendeleo" anasikia umemwita mtu asiyetenda haki, anaanza kujitetea, wakati ulitaka kusema tu kwamba anaona kutokea upande mmoja. Mwegemeo alilotumia Kalamu ni zuri zaidi, halina kesi ndani yake.
Pili, ndiyo yetu. Nikikuuliza "Hujala?" ukajibu "ndiyo", Mswahili anaelewa hujala, unakubaliana na nilivyosema. Aliyezoea lugha nyingine anaelewa umekula.
Tatu na ndo kubwa, SAWA. Sawa ni nimekubali. Sawa ni nimekusikia. Sawa ni nimechoka tuishie hapa. Sawa ni sitaki kukuudhi. Na nimekuelewa nayo hivohivo, mtu anasema nimekuelewa ana maana nimesikia ulichosema, mwenzake anaondoka anashangilia ameshinda.

#35 Kiroboto
Swafaa ya SAWA naomba nikaitumie kazini, nimeipenda mno.

#36 Zumari
Swafaa ahsante, hiki ndo nilikuwa nakitafuta tangu #9. Tulizo, kwenye #1 kuna sawa mbili. Moja ya mama, umeisoma kuwa amekubali. Moja ya kaka, umeisoma kuwa amekasirika. Neno moja, siku tofauti, ile inayokufaa imekuwa ndiyo na ile isiyokufaa imekuwa hasira. Sisemi umekosea. Inawezekana kabisa zote mbili umezisoma sawasawa. Nauliza ulijuaje.

#37 Fundi wa Hoja
🙌 Na mama uliulizaje? Kama uliuliza "mama utakuja kukaa kwangu si ndio?" hiyo ni 8-10-12.

#38 Tulizo
Nimesoma #36 mara nyingi jana usiku. Nilimuuliza hivyohivyo karibu, "mama si bora uje kwangu".
Asubuhi nimempigia kaka, kwa sauti sio meseji. Niliomba radhi kwa nilivyomjibu, alafu nikajaribu ya Mwalimu, nikamwambia ngoja niseme ninavyoelewa msimamo wako uniambie kama ndio. Nikasema unaona mama akiondoka kwake atadhoofika. Akasema hapana, hajawahi kuwaza hivyo. Nikaishiwa.
Akasema mama alishamwambia atabaki. Wiki moja kabla ya mimi kumuuliza, kaka alimwambia "tukutafutie mtu wa kukaa na wewe hapa nyumbani", mama akamjibu "sawa mwanangu". Kwahiyo yeye sababu zangu saba alizisoma kama namlazimisha mama kitu alichokwisha kukataa. Na "fanya unavyoona" anasema hakukasirika, alikuwa amechoka, alikuwa amesalimu amri. Sijui kama namwamini kwenye hilo la mwisho, sauti yake ilikuwa nzito.

#39 Nahodha77
Duh. Sawa tatu.

#40 Mvukuto
Mimi narudi palepale. Kwa nini kaka hakukwambia tangu siku ya kwanza kwamba mama ameshamjibu? Kwa sababu mkubwa haoni kama anadaiwa maelezo na mdogo. Ukubwa.

#41 Kiroboto
Na Tulizo kwa nini hakumuuliza kaka mama alimwambia nini? Wote wawili walipata ndiyo moja wakafunga daftari. Ya Fundi hiyo.

#42 Swafaa
Mi namwangalia mama. Mtu wa miaka 74, watoto wawili, kila mmoja anakuja na jambo lake ameshalipanga. Akimkubalia huyu anamwangusha yule. Sawa yake ni ya kutochagua kati ya watoto.

#43 Kalamu Butu
Swafaa inawezekana, lakini tumeanza tena, sasa tunamfanyia uchunguzi mama. Huenda alikubali kwa huyu kwa dhati, wiki iliyofuata akaanguka tena moyoni akiwaza, akabadili mawazo kwa dhati. Watu hubadilika.

#44 Kichuguu
Hiyo ya Kalamu wote tuliisahau na ni ya kawaida kabisa.

#45 Tulizo
Jumamosi tunaenda kwake mimi na kaka, pamoja. Tumekubaliana kaka aulize mimi ninyamaze, au mimi niulize yeye anyamaze, bado hatujaamua. @Fundi, @Zumari, naomba mnisaidie hili moja: ni swali gani naweza kumuuliza mama ambalo kusema hapana kwake ni rahisi kama kusema sawa?

#46 Fundi wa Hoja
Mpe vitu vitatu, sio viwili, na kimoja kiwe ambacho nyie wote hamkitaki.

#47 Zumari
Mi nisingemuuliza swali kabisa siku hiyo. Ningekaa naye mpaka jioni, nikaona anaamkaje kwenye kiti, anashika wapi akienda bafuni, anamtaja nani na nani. Sawa haitakuwepo humo.

#48 Fundi wa Hoja
Zumari ukimwangalia tu bila kumuuliza utaona ulichokwenda kukitafuta. Hapo hatujatoka.

#49 Zumari
Ndo maana waende wawili.